Dawa ya Wadudu Kabla ya Kurudisha Funguo

Mpangaji anayehama nyumba ya kupanga, Tanzania Bara au Kenya, hatakuta katika sheria ya ardhi kifungu kinachomtaja kunguni au mende. Hata hivyo suala la dawa huibuka kila mara funguo zinaporudishwa. Mwenye nyumba anataka nyumba ipulizwe kwa gharama ya anayeondoka, mpangaji anasema wadudu aliwakuta, na katikati yao ipo amana ambayo kila mmoja anaiona ni yake. Nani alipe hutegemea mkataba uliosainiwa na hali ya nyumba siku ya kuingia. Hutegemea pia, kuliko wengi wanavyodhani, mdudu mwenyewe: ni wa aina gani na anatokea wapi.

Sheria inadai nini

Kwa Tanzania Bara msingi ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, vifungu vya 88 na 89. Kwa Kenya ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, vifungu vya 65 na 66. Vinafanana sana, na vyote huingiza katika kila pangisho masharti ambayo yanahesabika kuwamo hata kama karatasi ya mkataba haikuyataja. Mpangishaji anatakiwa kutoa nyumba ya kuishi inayofaa kukaliwa na binadamu siku pangisho linapoanza, na kuhakikisha inaendelea kufaa muda wote wa pangisho. Pale alipopangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu, ujia na sehemu zinazotumiwa kwa pamoja zinabaki mikononi mwake. Mpangaji kwa upande wake anatakiwa kulipa kodi, kutunza jengo kwa kiasi cha kuridhisha, na kulirudisha katika hali lililokuwa nayo mwanzo. Hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida, wala kwa madhara ya moto, mafuriko, dhoruba, tetemeko na ajali nyingine zisizotokana na uzembe wake. Zanzibar ina sheria zake za ardhi na upangishaji, na aliyepanga huko aziangalie hizo.

Sharti la kurudisha nyumba katika hali ya mwanzo ndilo linalobeba mzigo wote wa suala hili. Aliyepokea nyumba safi anatakiwa airudishe safi. Aliyepokea jiko lenye mende kwenye bawaba za makabati hadaiwi jiko lisilo na mende, kwa kuwa hali ya mwanzo haikuwa hiyo. Kinyume chake, ni vigumu kwa mpangaji kudai kwamba kunguni ni uchakavu wa kawaida. Rangi hupauka na kitasa hulegea kwa sababu watu wanaishi ndani, lakini kunguni haoti ukutani. Ameletwa na kitu au amepita mahali.

Kenya ina sheria nyingine inayogusa jambo hili moja kwa moja. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu miongoni mwa kero zinazohatarisha afya makazi yaliyojaa wadudu waharibifu kiasi cha kudhuru watu. Ofisa wa afya huweza kutoa notisi ya kuiondoa kero hiyo, na kwa kawaida hupewa aliyeisababisha. Lakini kero inapotokana na kasoro ya jengo lenyewe, au nyumba inapokuwa tupu, notisi humwendea mwenye nyumba. Kwa hiyo mwenye nyumba anayepokea funguo kimyakimya, akafunga mlango na kukaa miezi miwili kabla ya kulalamika kuhusu wadudu, amejiweka pabaya.

Kifungu cha mkataba

Mkataba waweza kuongeza wajibu ambao sheria haikuutaja, na hapo ndipo wapangaji wengi hubanwa. Mikataba inayouzwa tayari madukani, ambayo dalali hujaza majina na kiasi cha kodi tu, mara nyingi ina mstari mmoja unaosema mpangaji atafanya usafi, atapaka rangi na atapuliza dawa kabla ya kuondoka. Aliyesaini amekubali, hata kama hakusoma. Ubaya wa mstari kama huo ni kwamba hausemi dawa ya nini, ipulizwe na nani, lini, wala kama inahitajika pale ambapo hakuna mdudu hata mmoja. Ugomvi huzaliwa katika pengo hilo.

Kifungu kinachotimiza kazi yake hakihitaji lugha ya kiwakili. Chatosha kusema hivi: endapo ukaguzi wa pamoja utaonyesha kunguni, mende au viroboto ambao hawakuandikwa katika orodha ya siku ya kuingia, mpangaji atagharimia upulizaji wa dawa utakaofanywa na mtoa huduma mwenye leseni ndani ya siku 30 kabla ya kuondoka, na atamkabidhi mpangishaji risiti. Mpangaji anayeletewa mkataba wenye kifungu kipana kuliko hicho ana nafasi ya kuomba kirekebishwe kabla ya kusaini. Baada ya kusaini nafasi hiyo huwa imepita. Kifungu kinachomtaja mpulizaji mmoja tu, ambaye mara nyingi ni jamaa wa msimamizi wa nyumba, ni cha kutiliwa shaka. Mpangaji aombe maneno “au mwingine mwenye leseni” yaongezwe.

Uzito wa kifungu hutegemea pia fedha iko mkononi mwa nani. Nairobi na Mombasa, ambako kodi hulipwa kila mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja ni jambo la kawaida, gharama ya dawa hukatwa kwenye dipoziti hiyo, pamoja na rangi. Dar es Salaam, Mwanza au Arusha kodi mara nyingi hulipwa kwa mkupuo wa miezi 3, 6 au 12, na vyumba vingi havina amana kabisa. Huko mwenye nyumba hana cha kukata, na madai ya dawa huja kama maneno siku ya kuhama, gari likiwa limeshapakiwa. Mpangaji asiye na amana hajaondolewa wajibu wake kwa sababu hiyo, ila ana nguvu zaidi ya kudai aonyeshwe kilichoandikwa.

Mdudu kama ushahidi

Kunguni ndiye anayeleta ugomvi mkubwa, na mara nyingi mzigo wake humwangukia mpangaji. Hana mabawa. Husafiri ndani ya godoro, kitanda cha mbao, kochi la mtumba, begi la safari na mkoba wa mtoto arudiye kutoka shule ya bweni. Hajulikani kuambukiza binadamu ugonjwa wowote, lakini huharibu usingizi na ngozi. Dalili zake ni madoa meusi ya ukubwa wa nukta ya kalamu kwenye mishono ya godoro, pembe za kitanda, nyuma ya soketi na kwenye mashimo ya misumari. Yakipanguswa kwa kitambaa chenye maji huacha mchirizi wa rangi ya kutu. Kama nyumba inajitegemea, uzio wake mmoja, na mpangaji ameishi humo miaka miwili, ni vigumu kumsukumia mtu mwingine kunguni waliopatikana.

Nyumba ya vyumba ni habari nyingine kabisa. Katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba sita kushoto na kulia, dari huwa moja juu ya wote na kuta za kugawa vyumba mara nyingi hazifiki juu. Ghorofa za chumba kimojakimoja za Nairobi zina mabomba na nyaya zinazopita kutoka chumba hadi chumba. Kunguni hupita humo. Mpangaji wa chumba cha tatu anayepuliza dawa peke yake huwafukuza kuelekea cha pili na cha nne, na baada ya wiki chache hurudi. Kumdai huyo mmoja gharama zote kwa sababu yeye ndiye anayehama ni kumwonea. Dawa ya nyumba ya namna hiyo inatakiwa ipulizwe vyumba vyote siku moja, na anayeweza kuwaamuru wapangaji wote kutoa vyombo siku moja ni mwenye nyumba. Wajibu wa mpangaji anayehama hapo ni chumba chake, na kutoa taarifa mapema. Aliyemwandikia mwenye nyumba ujumbe mwezi Machi kwamba chumba cha jirani kina kunguni, akapuuzwa, ana hoja nzito mwezi Agosti.

Mende wako wa aina mbili wanaopaswa kutofautishwa, kwa sababu kila aina inaelekeza kidole upande wake. Mende mkubwa mwekundu, anayefika sentimita 4, kwa kawaida huishi kwenye chemba, mashimo ya choo na mifereji, na hupanda usiku kupitia tundu la bafuni au sinki. Huyo ni mdudu wa jengo. Kifuniko cha chemba kilichovunjika au bomba lisilo na kizuizi cha maji ni matengenezo ya mwenye nyumba, na mpangaji akipuliza dawa chumbani mara kumi wengine watapanda kutoka chini. Mende mdogo wa rangi ya kahawia isiyokolea, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, asiyezidi sentimita moja na nusu, huishi jikoni, karibu na joto na chakula: nyuma ya friji, ndani ya maikrowevu, kwenye bawaba za kabati. Huletwa na maboksi ya bidhaa, trei za mayai na friji iliyonunuliwa kwa mtu. Jike lake hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa, ndiyo maana jiko lililoonekana na mende watano mwezi uliopita hujaa ghafla. Kwa huyo mpangaji ndiye wa kwanza kuulizwa, isipokuwa aliwakuta na akaandika.

Viroboto humhusu mwenye paka au mbwa, na wana tabia moja inayowashangaza watu. Kiroboto aliye ndani ya kifukofuko chake huweza kutulia miezi kadhaa katika nyumba tupu, akisubiri mtikisiko wa nyayo na pumzi ya kiumbe chenye damu. Mpangaji aliyehama Juni na wanyama wake anaweza kuapa kwamba nyumba ilikuwa safi, kisha mpangaji mpya anaingia Agosti na kuumwa vifundoni siku hiyo hiyo. Wote wawili wanasema kweli. Dawa nyingi haziingii ndani ya kifukofuko, kwa hiyo kufagia na kuosha nyufa za sakafu, pembe za vyumba na mahali mnyama alipolala kuna maana sawa na dawa yenyewe. Mkataba unaoruhusu wanyama kwa sharti la kupuliza dawa ya viroboto wakati wa kuhama ni wa haki.

Mchwa ni mali ya jengo na udongo wake. Mpangaji hadaiwi dawa ya mchwa. Anachodaiwa ni kutoa taarifa anapoona njia za udongo zikipanda ukutani au fremu ya mlango ikilia tupu inapogongwa; aliyenyamaza mwaka mzima huku fremu ikiliwa anaweza kuulizwa kuhusu uzembe. Panya naye huingia kwa matundu: panya mdogo wa nyumbani hupenya upenyo wa milimita 6 tu, na kuziba pengo kati ya ukuta na paa si kazi ya mpangaji. Lakini panya waliokaribishwa na magunia ya mahindi na taka zilizolundikwa uani ni wa mwenye magunia. Mbu, nzi na sisimizi wa kupita hawamhusu mtu.

Kalenda ya mwezi wa notisi

Katika pangisho la mwezi kwa mwezi, notisi ya kuondoka kwa kawaida ni ya mwezi mmoja. Muda huo unatosha kazi ya dawa, ila kwa sharti kwamba ianze wiki ya kwanza. Sababu ni mayai. Dawa nyingi zinazopulizwa majumbani huua kunguni anayetembea na kuliacha yai lake. Katika joto la pwani yai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10 hivi, na mahali pa baridi huchelewa zaidi. Upulizaji wa pili unapofanyika siku 10 hadi 14 baada ya wa kwanza huwakuta waliototolewa wakiwa bado hawajakomaa kutaga. Anayepuliza mara moja tu, siku moja kabla ya kuondoka, amenunua risiti.

Kuna jambo la pili linalokwenda kinyume na mazoea. Watu wengi huhamisha vyombo kwanza, kisha hupuliza nyumba tupu, kwa kuwa ni rahisi. Kwa mende na viroboto utaratibu huo hauna ubaya. Kwa kunguni una kasoro mbili: waliomo kitandani wameshasafiri kwenda nyumba mpya, na waliobaki nyufani hawana tena mtu wa kuwavuta watoke na kupita juu ya dawa. Kunguni aliyekomaa huweza kukaa miezi kadhaa bila damu. Kwa hiyo nyumba yenye kunguni ipulizwe ikiwa bado inakaliwa, vitanda vikiwa vimefunguliwa na mbao zake kusimamishwa, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au yapigwe pasi ya moto kwenye mishono. Kuanika godoro juani, dawa ya tangu zamani, hupunguza idadi lakini hakumalizi. Kunguni huhamia upande wa kivulini na mayai hubaki ndani ya mshono. Godoro lililokwisha haribika lichanwe kabla ya kutupwa. Kumpa mlinzi ni kuhamisha tatizo hadi kibandani kwake.

Sumu ya panya isiwekwe wiki ya mwisho. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda na huua baada ya siku kadhaa, na panya aliyekula Ijumaa hufia juu ya dari Jumatano, mpangaji mpya akiwa ameshatandika kitanda. Katika siku za mwisho mtego ni bora, kwa sababu mzoga wake unaonekana.

Usafi utangulie dawa. Kosa linalorudiwa ni kupuliza asubuhi na kudeki jioni kwa sabuni ili nyumba ing’ae mbele ya mwenye nyumba. Dawa iliyokusudiwa kubaki kwenye ukingo wa sakafu na ukuta wiki kadhaa inaishia kwenye ndoo. Utaratibu ulio sawa ni kutoa taka, kuosha jiko mpaka nyuma ya friji na chini ya sinki, kukausha, kupuliza, kufunga kwa saa zilizotajwa kwenye lebo, halafu kufungua madirisha. Mende wa jikoni wanatibika vizuri zaidi kwa chambo cha jeli kinachotonwa kwenye bawaba na nyufa, na chambo hicho kisipulizwe dawa juu yake, kwa sababu mende watakikwepa.

Dawa na mpulizaji

Kenya, bidhaa za kuua wadudu husajiliwa na Bodi ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu, inayojulikana zaidi kwa herufi PCPB. Tanzania kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mpangaji anayeajiri mpulizaji ana haki ya kuiona chupa kabla haijachanganywa na maji: iwe na lebo, namba ya usajili, jina la kiambato, tarehe ya kuisha, na maelezo kwamba ni ya kutumika majumbani. Dawa inayouzwa sokoni ndani ya chupa ya maji ya kunywa, bila jina, ikataliwe hata kama jirani ameisifia. Chupa ya namna hiyo ikikutwa na mtoto ni balaa, na hakuna daktari atakayejua alichokunywa.

Hatari kubwa kuliko zote ni vidonge vya kuhifadhia nafaka vyenye fosfidi ya aluminiamu. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua kila kinachopumua na hupenya kwenda chumba cha pili kupitia dari na nyufa. Vimetengenezwa kwa ajili ya maghala yaliyofungwa na watu waliofunzwa. Mpangaji anayeviweka chumbani ili “amalize kunguni mara moja” anahatarisha maisha ya jirani aliyelala upande wa pili wa ukuta. Mafuta ya taa yanayopakwa kwenye vitanda nayo ni njia ya kuita moto.

Dawa nyingi za kupuliza ni za jamii ya pairethroidi, zilizotengenezwa viwandani kwa kuiga sumu ya asili iliyomo katika ua la pareto, zao linalolimwa Nakuru na nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kunguni wa sehemu nyingi duniani wamejenga usugu dhidi yake. Mpulizaji anayerudia dawa ile ile mara ya tatu na kuongeza kipimo tu anafaa kuulizwa kama ana ya kundi jingine. Mabomu ya moshi ya dukani hujaza chumba ukungu lakini hayaingii nyufani wanakojificha wadudu. Watoto wachanga, wajawazito na wenye pumu wawe wameondoka, vyombo vya chakula vimefunikwa, ndege na samaki wametolewa nje.

Risiti iandikwe kwa ukamilifu: jina la mpulizaji na namba ya leseni, tarehe, vyumba vilivyopulizwa, dawa iliyotumika, mdudu aliyekusudiwa na tarehe ya kurudi mara ya pili. Tanzania iwe risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) pale mtoa huduma anapotakiwa kisheria kuitoa. Karatasi iliyoandikwa “fumigation, imelipwa” haimsaidii yeyote.

Makabidhiano na amana

Ukaguzi wa mwisho wa pamoja ufanywe nyumba ikiwa tupu, mchana, kwa kurunzi. Mahali pa kuangalia ni pachache: ukingo wa sakafu chumbani, soketi za upande wa kichwa cha kitanda, fimbo za pazia, bawaba za makabati ya jiko, chini ya sinki, tundu la bafuni na kifuniko cha dari. Orodha iliyosainiwa siku ya kuingia ilinganishwe na inayoandikwa sasa. Kama ya kwanza haipo, picha na ujumbe wa simu wa siku zile hutumika. Mpangaji aliyekuta mende wiki ya kwanza na kumtumia mwenye nyumba picha tatu kwenye WhatsApp ana rekodi yenye tarehe, na huo ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Wadudu wakionekana, na ikakubalika kwamba ni wa mpangaji, kinachoweza kukatwa ni gharama halisi ya kuwaondoa, kwa risiti, kwa eneo alilopanga. Kukata amana nzima kwa ajili ya dawa ya chumba kimoja hakuna msingi. Wala hakuna msingi wa kumtoza anayehama dawa ya jengo zima, au kukata fedha ya dawa ambayo haikupulizwa kabisa na mpangaji mpya akaingizwa kesho yake. Hilo la mwisho hutokea mara nyingi, na mpangaji ana haki ya kuomba aonyeshwe risiti. Kuzuia vyombo ni kosa jingine. Sheria ya Kenya ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura ya 293, inahusu kodi. Haimpi mwenye nyumba ruhusa ya kushikilia friji ya mtu kwa sababu ya mende.

Pande mbili zikishindwana, Tanzania Bara mazungumzo huanzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye hana mamlaka ya kuamua lakini mara nyingi anawafahamu wote wawili. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, husuluhisha tu. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria ya zamani ya udhibiti wa kodi ya mwaka 1984, ambayo wazee wa mjini bado huitaja, ilifutwa mwaka 2005. Kenya bado ina Baraza la Kudhibiti Kodi, lakini linahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho nyumba nyingi za mijini zilishakipita siku nyingi. Anayedai arudishiwe dipoziti ana njia ya Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambayo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, hailazimishi kuwa na wakili, na inatakiwa kutoa hukumu ndani ya siku 60 tangu shauri kufunguliwa.

Katika nchi zote mbili muda wa kufungua madai yanayotokana na mkataba ni miaka 6. Risiti ya dawa, orodha mbili za ukaguzi na picha zihifadhiwe, hata baada ya amana kurudi na mtu kuzoea mtaa mpya.